Kufungiwa kwa Sparta, Olympia 420 KK: Uchambuzi wa Adhabu Iliyowekewa Bei

Kuhusu kisa hiki

Visa vya namna hii huandikwa bila majina. Klabu huitwa Klabu A, kiongozi huitwa mwenyekiti, mkoa haujulikani. Hapa wahusika wakuu ni miji, Elis mwenyeji wa michezo ya Olympia na Sparta iliyofungiwa, na watu waliokufa miaka 2,400 iliyopita, na ukiwaita A na B hutauelewa ugomvi wenyewe. Wasio na majina ni hawa tu: aliyeendesha gari la farasi na walioshika fimbo. Hao sikuwaficha mimi. Hakuna mwandishi wa kale aliyejali kuwataja. Katika mifano ya karibuni, wanamichezo waliopatwa na adhabu nimewaacha bila majina.

Nimekichagua kwa ajili ya mtu yeyote anayekaa kwenye kamati ya nidhamu ya michezo, iwe ya wilaya au ya shirikisho. Kina kanuni inayojulikana, tuhuma yenye ushahidi, utetezi wenye mantiki, faini yenye hesabu, pendekezo la kuyamaliza chini kwa chini, na timu iliyopenya kwa jina la wengine. Simulizi kuu tunaipata kwa Thucydides, mwanahistoria wa Athens aliyekuwa hai wakati huo. Mengine yametoka kwa Xenophon, aliyeandika kizazi kimoja baadaye, na kwa Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyezunguka Olympia akisoma maandishi chini ya sanamu.

Usuli

Olympia haikuwa mji. Ilikuwa eneo takatifu la Zeus, magharibi mwa Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, lenye hekalu, viwanja na madhabahu ya majivu: majivu ya sadaka yalirundikwa mwaka hadi mwaka mpaka yakawa kilima. Mara moja katika miaka minne, wakati wa kiangazi, Wagiriki wa kila upande walikusanyika hapo kwa siku tano za sadaka na mashindano. Mwenyeji alikuwa mji wa Elis, mwendo wa siku mbili kwa msafara wa miguu. Elis ilitoa waamuzi wote, ikatunza hazina, ikapanga taratibu, ikatuma wapiga mbiu na ikatoza faini. Juu yake hakukuwa na chombo kingine.

Wapiga mbiu hao ndio waliotangaza Suluhu ya Olympia, wakipita mji mmoja baada ya mwingine kabla ya michezo. Watu wengi husimulia kwamba vita vyote vya Ugiriki vilisimama. Havikusimama. Suluhu ililinda ardhi ya mwenyeji isiingiwe na jeshi, na ilimlinda msafiri anayekwenda na kurudi. Kanuni ya Olympia iliweka adhabu yake wazi: mina 2 kwa kila askari aliyeingizwa kinyume cha suluhu. Mina moja ni drakma 100, na katika miaka hiyo mpiga kasia wa Athens alipata kama drakma moja kwa siku.

Sasa Lepreon. Huu ulikuwa mji mdogo kusini mwa Olympia. Zamani uliwahi kuvamiwa na majirani, ukaiomba Elis msaada kwa ahadi ya nusu ya ardhi yake. Vita vilipokwisha, Elis iliwaachia wenyeji ardhi hiyo kwa masharti ya kulipa talanta moja (mina 60) kila mwaka kwa Zeus wa Olympia. Vita kati ya Athens na Sparta vilipoanza mwaka 431 KK, Walepreon waliacha kulipa kwa kisingizio cha vita. Elis ikawabana, nao wakakimbilia Sparta. Pande zote zikakubali Sparta isuluhishe.

Jambo hili ndilo mzizi wa kisa kizima, na wasimuliaji wengi huliruka. Kabla uamuzi haujatoka, Waelis waliona wanaonewa, wakajitoa kwenye usuluhishi na kuiharibu ardhi ya Lepreon. Sparta iliendelea kuamua peke yake: Lepreon ni mji huru, Elis ndiye mkosaji. Kisha ikapeleka kikosi cha askari wa ngao nzito kulinda mji huo. Yaani msuluhishi alitoa hukumu, na hapohapo akaweka jeshi lake ndani ya mali iliyokuwa ikigombewa.

Mwaka 421 KK Athens na Sparta zilitia saini amani, lakini Elis ilikataa kuiunga mkono maana Lepreon haikurudishwa. Katika kiangazi cha mwaka 420 KK ikajiunga na Athens, Argos na Mantinea katika mkataba wa kujihami. Mkataba wenyewe ulisema nakala yake ya pamoja iandikwe kwenye nguzo ya shaba na kusimikwa Olympia, kwenye michezo ya mwaka huohuo.

Mtiririko wa matukio

Kabla ya michezo hiyo, Elis ilitangaza kwamba Sparta imevunja suluhu kwa mambo mawili: kushambulia ngome yake iitwayo Phyrcus, na kuingiza askari 1,000 Lepreon wakati suluhu ikiwa imeanza. Hesabu ikapigwa kwa mujibu wa kanuni, mina 2 kwa kila mmoja, jumla mina 2,000. Hizo ni drakma 200,000.

Sparta ilituma wajumbe kupinga. Utetezi wao ulikuwa mmoja: tulipowatuma askari, suluhu ilikuwa haijatangazwa Sparta. Waelis wakajibu kwamba kwao ilikuwa imekwisha kuanza, kwa sababu hutangaza kwanza nyumbani kisha huko nje. Wao walikuwa wametulia bila kutarajia shari, ndipo wakashambuliwa. Wasparta wakarudi na hoja ambayo mwanasheria yeyote angeipenda: kama mliamini tumeshavunja suluhu, kwa nini baadaye mlituma mpiga mbiu kuja kututangazia? Tena, walisema, tangu tangazo hilo lifike kwetu hatukuinua silaha dhidi yenu popote.

Waelis hawakutikisika, ila walitoa pendekezo. Kama Sparta itairudisha Lepreon, Elis itasamehe fungu lake la faini, na lile fungu la mungu italilipa yenyewe kwa niaba ya Sparta. Sparta ikakataa.

Likaja pendekezo la pili. Basi msirudishe Lepreon, lakini kwa kuwa mna hamu ya kuingia hekaluni, pandeni kwenye madhabahu ya Zeus, mbele ya Wagiriki wote, mle kiapo kwamba faini mtailipa baadaye. Hili nalo likakataliwa.

Sparta ikafungiwa: hekalu, sadaka na mashindano. Wasparta walitoa sadaka zao nyumbani. Wagiriki wengine walihudhuria, isipokuwa Walepreon.

Hofu ikatanda kwamba Sparta ingekuja kutoa sadaka kwa nguvu. Waelis wakawapanga vijana wao wenye silaha kulinda eneo, Argos na Mantinea zikaleta askari 1,000 kila mmoja, na wapanda farasi wa Athens wakakaa tayari kijijini Harpina, jirani na Olympia. Michezo ya amani ikachezwa katikati ya mikuki.

Ndipo likatokea la Lichas. Huyu alikuwa Msparta tajiri mwenye farasi, mzee kwa umri. Pausanias anasema baba yake, Arcesilaus, alishinda Olympia mara mbili. Katika mbio za magari ya farasi mshindi alikuwa mwenye farasi, na anayeshika hatamu hakuhesabiwa. Kwa kuwa mji wake ulikuwa umefungiwa, Lichas aliliingiza gari lake kwa jina la Waboeotia, washirika wa Sparta. Kwenye michezo ya shule Tanzania tungemwita mamluki, ingawa huyu alikuwa na miguu kumi na sita.

Gari likashinda. Mpiga mbiu akatangaza: mshindi ni Boeotia. Pengine jambo lingeishia hapo. Lakini Lichas alitoka kwenye umati, akaingia uwanjani, akamfunga mwendesha gari utepe wa ushindi kichwani, mbele ya watu wote, ili ijulikane gari ni la nani. Askari wa fimbo wakamchapa na kumtoa nje.

Tuweke kipimo sawa. Fimbo haikuwa kitu kigeni Olympia. Mkimbiaji aliyetoka kabla ya wakati alichapwa na hakuna aliyeshangaa. Lakini huyu hakuwa mkimbiaji kijana mstarini. Alikuwa mzee wa ukoo mkubwa, na mji wake uliogopwa kuliko miji yote iliyokuwapo kiwanjani siku hiyo. Thucydides anasema hofu ikazidi, kila mtu akingoja litakalotokea. Halikutokea neno. Wasparta wakakaa kimya na sikukuu ikaisha.

Maamuzi makuu na sababu zake

Uamuzi wa Elis wa kutoza faini ulikuwa na msingi. Kanuni ilikuwapo kabla ya kosa, kiwango kilijulikana, na Sparta yenyewe haikukana kwamba askari waliingia. Ubishi ulikuwa juu ya siku.

Pendekezo la kwanza linaeleweka ukiangalia shida ya Elis. Fedha hazikuwa na maana kubwa kwao kama ardhi. Walikuwa wameifukuzia Lepreon kwa miaka, usuluhishi ukawashinda, amani ya mwaka 421 KK ikawaacha mikono mitupu. Kwa mara ya kwanza walikuwa na kitu ambacho Sparta inakitaka, nacho ni mlango wa hekalu. Wakautumia.

Pendekezo la pili ndilo la busara kuliko yote katika kisa hiki, na nadhani halijapewa sifa yake. Lilimpa mshitakiwa nafasi ya kuingia bila kutoa senti siku hiyo na bila kuachia ardhi. Kilichotakiwa ni kukiri mamlaka ya Olympia hadharani. Sparta ilikataa kwa sababu hiyohiyo: kiapo mbele ya Wagiriki wote kingekuwa ungamo.

Kwa upande wa Sparta, kukaa kimya kulikuwa uamuzi vilevile. Ilikuwa na jeshi la kutosha kuingia. Haikuwaita washirika wake wagome pia. Waboeotia walikuwapo, na ndio waliomkopesha Lichas jina. Linganisha na Montreal 1976, ambapo nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilisusa kwa sababu New Zealand haikuondolewa baada ya timu yake ya raga kuzuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia; dhahabu aliichukua John Walker wa New Zealand. Wanaosusa huonekana na dunia. Sparta haikutaka kuonekana. Ilitaka kukumbuka.

Matokeo

Kwa muda mfupi Elis ilishinda kila kitu. Uamuzi ulisimama, michezo ilifanyika, hakukumwagika damu. Katika orodha rasmi ya washindi waliyoitunza Waelis, mbio za magari za mwaka huo ziliandikwa ushindi wa Thebes, mji mkuu wa Boeotia. Lichas alisimamisha sanamu yake Olympia, na Pausanias aliiona zaidi ya miaka 500 baadaye. Kwa hiyo kumbukumbu mbili zilikaa katika eneo moja, zikipingana.

Lepreon haikurudi. Faini, kwa kadiri simulizi zinavyokwenda, haikulipwa.

Bili ilikuja miaka kama 20 baadaye. Sparta ilipokwisha kuishinda Athens mwaka 404 KK na kubaki bila mpinzani, iliigeukia Elis. Xenophon anaorodhesha malalamiko yake: mkataba na Athens, kufungiwa kwenye michezo, kuchapwa kwa Lichas, na pia mfalme wake Agis kuzuiwa kuomba ushindi kwenye madhabahu ya Zeus. Mara ya kwanza Agis alirudi nyuma kwa sababu ya tetemeko la ardhi. Safari iliyofuata aliingia, na Walepreon wakamfuata mara moja. Elis ililazimika kubomoa kuta na kuiacha huru miji iliyokuwa chini yake.

Na hapa kuna jambo la kushangaza. Pamoja na ghadhabu yote hiyo, Sparta haikuinyang'anya Elis usimamizi wa Olympia. Kulikuwa na majirani waliodai haki hiyo, ila Sparta iliwaona ni watu wa shamba wasioweza kazi. Waelis walijua kuendesha michezo, na hilo hata adui yao alilikubali.

Uchambuzi

*Kanuni ilikuwa nzuri, tarehe haikuwa*

Ukiondoa siasa zote, ugomvi ulianzia kwenye swali dogo: suluhu huanza lini? Inapotangazwa kwa mwenyeji, au inapomfikia kila mji? Kwa mfumo wa wapiga mbiu wanaotembea, siku hizo mbili haziwezi kuwa moja, na jeshi linaweza kupita katikati. Elis ilijua utaratibu wake wa kutangaza nyumbani kwanza. Haikuwahi kuuwekea kifungu cha nini kitatokea katika pengo hilo.

Michezo ya leo imelirekebisha hili vizuri. Tangu mwaka 1993 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limekuwa likipitisha azimio la Suluhu ya Olimpiki, na muda wake unahesabika: siku saba kabla ya Olimpiki hadi siku saba baada ya Paralimpiki. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, michezo ya Beijing ilikuwa imefungwa tarehe 20 na Paralimpiki ilikuwa ifunguliwe tarehe 4 Machi. Azimio lilikuwa limepitishwa tangu Desemba 2021. Hakukuwa na nafasi ya kusema mpiga mbiu hajafika kwetu.

Anayetunga kanuni za ligi yake na aanzie hapo. Rufaa nyingi huzaliwa na tarehe ya kuanza kutumika kuliko na kosa lenyewe.

*Mshitaki, hakimu na mdai*

Wahenga wana kesi ya nyani ambayo hakimu wake ni ngedere. Katika kisa hiki kesi hiyo ilisikilizwa mara mbili. Sparta ilipokuwa msuluhishi wa Lepreon, Elis ilitoka barazani ikisema haki haitapatikana hapa. Miaka michache baadaye Elis ilikaa kwenye kiti kilekile: ndiyo iliyovamiwa, ndiyo iliyoshitaki, ndiyo iliyohukumu, ndiyo ambayo ingefaidi fungu la faini, na ndiyo iliyodai ardhi. Sparta ikasema maneno yaleyale.

Wagiriki wenyewe waliuona udhaifu huu mapema. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba wajumbe wa Elis walikwenda Misri, enzi ya mfalme Psammis, wakijisifu kwamba michezo yao ina haki kuliko yote duniani. Wamisri wakauliza: je, na raia wenu hushindana? Wakajibu ndiyo, mlango uko wazi kwa wote. Basi hamna haki, wakaambiwa, kwa maana mwamuzi atampendelea wa kwao. Mkitaka haki, wazuieni Waelis. Hawakuwazuia. Mwaka 396 KK Mwelis mmoja alipewa ushindi wa mbio za uwanja mmoja kwa kura mbili dhidi ya moja. Mpinzani wake kutoka Ambracia alikata rufaa kwenye baraza la Olympia, na waamuzi wawili wakatozwa faini. Mwaka 372 KK mwamuzi mmoja, Troilus, alishinda mbio za farasi akiwa kazini. Ndipo ikatungwa sheria kwamba mwamuzi asiingize farasi. Elis ilijirekebisha polepole katika makosa madogo, lakini swali kubwa, nani aamue mwenyeji akiwa mmoja wa wagomvi, halikujibiwa.

Kuna kesi nyingine inayoonyesha tofauti. Mwaka 332 KK mwanamichezo wa Athens, Callippus, aliwahonga wapinzani wake wa michezo mitano. Elis ikawatoza faini. Athens ikakataa kulipa na kususia Olympia. Safari hii kauli ilitoka nje: mungu wa Delphi, mahali patakatifu ambako Wagiriki walikwenda kuuliza maswali yao, alisema hatawajibu Waathens swali lolote mpaka walipe. Walilipa. Kwa fedha hizo zikasimamishwa sanamu sita za Zeus za shaba, njiani kuelekea uwanjani, zenye maandishi ya kuwaonya wengine. Elis ilikuwa ileile na mamlaka yaleyale. Kilichoongezeka ni sauti ya mtu asiye na shamba katika ugomvi.

Olimpiki ya kisasa nayo ilipita njia hiyo kwa kuchelewa. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) iliundwa mwaka 1984 chini ya mbawa za Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), iliyoilipia na kuteua sehemu ya waamuzi wake. Mwaka 1993, katika shauri la mpanda farasi mmoja wa Ujerumani, mahakama kuu ya Uswisi iliikubali CAS kama baraza halali la usuluhishi, ila ikanyooshea kidole ukaribu wake na IOC. Mwaka 1994 ikawekwa chini ya baraza lake lenyewe. IOC ilipoisimamisha Kamati ya Olimpiki ya Urusi, Oktoba 2023, kwa kuviingiza vyama vya michezo vya mikoa minne ya Ukraine chini yake, Urusi ilikuwa na mahali pa kwenda. Rufaa ilisikilizwa na CAS na kutupwa Februari 2024. Unaweza kuipenda hukumu hiyo au kuichukia. Lakini shauri nalo lilikuwa la ardhi, kama la Lepreon, na safari hii waliohukumu hawakuwa wakiidai ardhi hiyo.

*Bei ya adhabu*

Hapa ndipo ninapoona Elis ilipoharibu, zaidi ya mahali pengine popote. Kabla ya pendekezo la kwanza, msimamo wao ulikuwa safi kabisa: mmevunja suluhu ya Zeus, kanuni inasema mina 2,000. Mara waliposema "tupeni Lepreon tutasamehe", kila aliyesikia alielewa kwamba shauri halikuwa la suluhu. Kosa dhidi ya mungu linawezaje kufutwa kwa mtaa wa mashamba? Na kama Elis ilikuwa tayari kulilipa fungu la mungu kutoka mfukoni mwake, basi mungu alishageuzwa dalali.

Wasparta hawakuhitaji hoja nyingine. Tangu hapo, kufungiwa kwao kulionekana kama mkono wa muungano wa Athens, na nguzo ya shaba iliyokuwa ikisubiri kusimikwa eneo hilohilo haikusaidia. Sisemi Elis ilitunga tuhuma. Nadhani tuhuma ilikuwa ya kweli. Ila adhabu ya kimichezo ikishatumika kama sarafu ya kununulia kitu kisicho cha michezo, hata aliyekosa kweli hupata la kusema. Tumewaona viongozi wa klabu wakiambiwa pembeni kwamba faini itasahaulika wakimuunga mkono fulani kwenye uchaguzi. Ni jambo lilelile.

Laiti pendekezo la kiapo lingetangulia na lile la Lepreon lisingetamkwa kabisa, Sparta ingekataa mbele ya Wagiriki wote kuapa tu kwamba italipa. Lawama ingekaa upande wake.

*Mtu na mji wake*

Kanuni iliufungia mji, haikusema lolote kuhusu raia mmojammoja. Lichas alijitengenezea njia kwa kuazima jina. Kimkakati ilikuwa hila nzuri, kikanuni ilikuwa udanganyifu, na Elis ilikuwa na haki ya kuiadhibu. Kukataa kumwandika mshindi kulitosha. Fimbo haikuongeza chochote kwenye uamuzi. Iliongeza jina la mtu na mgongo wa mtu kwenye orodha ya Sparta, na orodha hiyo ilisomwa miaka 20 baadaye.

Siku hizi pengo hilo limewekewa utaratibu. Mwaka 1992, Yugoslavia ilipowekewa vikwazo, wanamichezo wake binafsi waliruhusiwa Barcelona bila bendera ya nchi. Paris 2024, Warusi na Wabelarusi waliokidhi masharti walishindana kama wanamichezo huru wasiofungamana na nchi. Mmoja wao, kutoka Belarus, alishinda dhahabu ya trampolini. Ikapandishwa bendera isiyo ya taifa lolote na kupigwa wimbo usio na maneno, na medali haikuhesabiwa kwa nchi yoyote. Wapo wanaouona utaratibu huu ni unafiki, na Ukraine imeupinga kwa nguvu. Kwa mtunga kanuni, faida yake ni moja ya kiutendaji: mtu anapata mlango halali wa kuingilia, hivyo anayepita dirishani hana kisingizio.

*Kilichofanya kazi*

Ulinzi ulifanya kazi. Elis ilikadiria hatari mapema, ikaomba msaada, na haikungoja Sparta ifike ndipo ianze kuhangaika. Ni kweli kwamba kulinda michezo kwa askari wa muungano wa upande mmoja kulizidisha sura ya ushabiki, ila sioni ni askari gani wengine wangeweza kuwapata kwa wakati.

Uendeshaji nao ulifanya kazi: mashindano hayakuahirishwa, ratiba haikuvunjika, Androsthenes wa Arcadia alishinda pankration (mchezo wa ngumi na mieleka kwa pamoja) kwa mara yake ya kwanza na jina lake likatumika kuutambulisha mwaka huo. Ustadi huu wa kawaida wa kuandaa ndio uliowaokoa baadaye, Sparta ilipokuwa na uwezo wa kuwapokonya Olympia na isifanye hivyo. Kamati inaweza kukosea hukumu ikasamehewa na wadau wake, mradi uwanja ulikuwa tayari na matokeo yakaandikwa.